Herufi Tisini

Kazini walimwita Mama Maneno, ingawa hakuwa na mtoto, na nyumbani alikuwa mtu wa kujibu zaidi kuliko kusema. Jina lilitokana na kazi. Yeye ndiye aliyeandika zile jumbe fupi zinazowasha simu yako mezani wakati hukumwita mtu. Kampuni yao ilikuwa duka lisilo na mlango: ukitaka mchele, sabuni, dawa ya kikohozi au chupa ya pombe kali, unabonyeza simu na pikipiki inakufikia. Na kama hutaki, basi ghorofani, juu ya duka la matairi, kulikuwa na watu sita waliolipwa ili utake.

Sheria ya ujumbe ilikuwa moja: usizidi herufi tisini, nafasi na nukta zikiwemo. Wenzake iliwatoa jasho. Yeye zilimtosha na nyingine zikabaki. Mwaka wake wa kwanza aliandika maneno ya kuwaaga wateja wanaojiondoa, "Nenda salama. Mlango uko wazi, ukirudi utatukuta," na meneja akayasoma kwa sauti mbele ya wote. Tangu siku hiyo akapewa dawati la dirishani.

Meneja alikuwa mama wa makamo, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani, na alikuwa na imani moja aliyoishika kama dini. "Ukimwandikia mteja utaandika uongo," alisema. "Mwandikie mtu mmoja unayemjua. Mkalishe mbele yako uongee naye." Wala hakuwa anasema kwa mfano. Mbele ya kila dawati aliweka kiti kitupu kinachomtazama mwandishi, kikaitwa kiti cha mgeni, na ilikuwa mwiko mtu yeyote kukikalia. Wageni wa kweli wakija walisimama.

Viti hivyo sita vilitengenezwa na mdogo wake Mama Maneno, seremala. Ilikuwa kazi yake ya kwanza baada ya kutoka hospitali, na dada mtu ndiye aliyemtafutia. Siku alipovileta alivijaribu kimoja kimoja kwa makalio yake mwenyewe, kama fundi anavyopaswa. Alipofika kwenye cha dada yake akakaa zaidi kidogo, akakunja nne, akasema, "Haya, niandikie." Ofisi nzima ikacheka. Tangu hapo Mama Maneno hakuweza kumkalisha mtu mwingine pale. Alijaribu shoga yake, alijaribu jirani. Kila akiinua macho alimwona mdogo wake na vumbi la mbao kwenye nyusi.

Mama yao alimwita Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, na jina halikumtoka hata alipoota ndevu. Pombe ilimzoea polepole, kama inavyowazoea wengi, lakini mama yao alipofariki iliacha upole. Miezi minne baada ya msiba alilazwa, tumbo limejaa maji, macho yamekuwa ya njano. Daktari hakuzunguka. Alimwambia dada mtu pale pale mlangoni mwa wodi kwamba ini limebaki kipande; akiacha ataishi, akirudia, hata mara moja, wasiitegemee hospitali. Kitinda akaacha. Hakupunguza, aliacha. Sasa ilikuwa miezi minane, na Mama Maneno alihesabu kila siku moyoni bila kuitaja kwa sauti, asije akaitia mkosi.

Kosa lake lilikuwa dogo na la upendo, na makosa ya namna hiyo ndiyo yanayoua. Siku ya kutoka hospitali alichukua simu ya mdogo wake ili aifute ile programu ya duka lao, maana chupa zote za mwaka ule zilipitia humo. Kidole kilikuwa tayari. Kisha akakumbuka kwamba jamaa za wafanyakazi hupelekewa bure, na dawa za ini zilipatikana humo humo. Akaiacha. Alijiambia kwamba mlango ulioingiza ugonjwa unaweza kuingiza dawa pia.

Maneno yenyewe yalimjia Jumatatu moja asubuhi, hana hili wala lile, anakitazama kile kiti. Alimwona Kitinda akirudi na jasho, mabega yameanguka, akamsikia mama yao jikoni akimwambia vile alivyomwambia kila jioni kwa miaka yote, huku akimmiminia chai. Vidole vikaandika: "Umechoka. Njoo uketi kidogo, dunia haikimbii." Herufi hazikuzidi nusu. Aliufurahia mno, akaupeleka bila kuusoma mara ya pili.

Kupeleka maana yake ni kupeleka kwa Shangazi. Hilo ndilo jina walilouita mfumo wa kompyuta uliochagua nani apate ujumbe gani na saa ngapi, kwa sababu kama shangazi wa ukoo alijua kila mtu kalala wapi, kanuna lini na kaacha kununua nini. Shangazi hakumjua mtu kwa jina. Alimjua kwa mazoea yake, na mazoea yanatosha. Mteja akinyamaza siku thelathini, dawa zisihesabiwe, aliwekwa kwenye kundi la Waliolala, na akinunua tena, hata kiberiti, Shangazi aliandika mbele ya namba yake: Amerudi. Waandishi walitoa maneno tu. Picha ya chini ya maneno, ile ya kubonyeza, Shangazi alichagua mwenyewe: kwa huyu biskuti, kwa yule nepi, kwa mwingine chupa.

Wiki mbili baadaye meneja alisimama katikati ya ofisi akatangaza kwamba ujumbe wa Mama Maneno umewaamsha Waliolala kuliko ujumbe wowote tangu kampuni ianze. Walimpigia makofi. Naye, tuseme ukweli, alijisikia vizuri. Njiani kurudi nyumbani aliwaza kwamba mama yake hakujua kusoma, lakini leo anawakaribisha watu nchi nzima.

Jioni hiyo Kitinda alikula kwa dada yake. Alikuwa anamalizia kabati la maharusi, milango minne yenye kioo, na alilizungumzia kama mtu anayezungumzia mchumba.

"Dawa unameza?" dada mtu akauliza.

"Daktari kasema nikimaliza hizi nipumzike. Ini linajijenga."

"Kasema hivyo, au umemsaidia kusema?"

"Dada, mimi nilikuwa mlevi, sikuwa mwongo." Akacheka, akajiongezea wali bila kuulizwa. Halafu akasema, "Kesho mwaka wa Mama unatimia."

"Najua."

"Naiogopa hiyo siku. Sikufichi."

"Nitakupitia karakana saa kumi na mbili, twende kaburini pamoja. Wewe kaa na kabati lako tu mpaka nije."

"Nitakaa na kabati," akasema Kitinda. "Kabati halina maneno mengi."

Alilala vizuri usiku ule. Ini linajijenga: maneno mawili ya mtu anayekula wali, na yeye akayabeba kitandani kama zawadi.

Kesho yake, saa kumi alasiri, wakati wa chai, aliketi na kijana wa takwimu waliyemwita Mganga. Mganga alimhudumia Shangazi, akampa chakula cha namba, akatafsiri alichosema. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kazi yake kama mtoto anavyopenda kufungua redio, na siku hiyo alitaka kumwonyesha Mama Maneno jinsi ujumbe wake unavyofanya kazi.

"Tazama huyu," akasema, akigeuza skrini. "Namba tu, hana jina. Alikuwa mnywaji mzuri sana, kisha akakatika ghafla. Miezi minane hanunui kwetu ila dawa. Mwingine angesema huyo amekwenda. Shangazi hajakata tamaa."

"Amemwonaje?"

"Kwa vitu vidogo vidogo. Dawa alikuwa anaagiza kila baada ya wiki mbili, sasa amechelewa siku tisa. Tangu juzi anawasha simu na kuizima bila kufanya kitu, mara kumi na nne kwa saa. Mtu akiwa hivyo ana jambo. Na tarehe ya leo mwaka jana aliagiza chupa tatu kwa mpigo. Kwa nini, Shangazi hajui, wala hahitaji kujua. Yanamtosha hayo. Anasema themanini na saba kwa mia atarudi leo, akipewa maneno yako."

Mama Maneno aliweka kikombe chini. Kwenye skrini, chini kabisa, palikuwa na mistari miwili midogo. Mahali pa mchana: karakana, nyuma ya bohari ya mbao. Usafirishaji: bure, jamaa ya mfanyakazi.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Miaka mitatu alikuwa ameurusha bila kuuliza umechoma wapi.

"Ujumbe utakwenda saa ngapi?" akauliza, na sauti haikuwa yake.

"Saa kumi na moja na dakika kumi, anapofunga kazi. Lakini hayo ni makisio. Akishika simu kabla ya hapo, ikawa mkononi kweli, Shangazi hangoji. Ujumbe unaingia mtu akiwa ameishika. Una nini?"

"Mtoe huyo."

"Siwezi. Orodha ikishafungwa saa sita haifunguliwi. Anayeweza kujitoa ni mteja mwenyewe, kwenye simu yake."

Alikwenda kwa meneja. Alimweleza yote, hata ya ini, hata ya wodi. Meneja alivaa miwani, akamsikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Pole," akasema, na ilionekana anasema kweli. "Lakini nikifungua orodha kwa ajili ya mdogo wako, kesho nitaletewa shemeji wa huyu, keshokutwa mjomba wa yule. Wote walio humo ni wadogo wa watu."

"Ndiyo," akasema Mama Maneno. "Wote ni wadogo wa watu."

Meneja akamwambia anaweza kuondoka mapema leo.

Akaanza kupiga simu akiwa ngazini. Alitaka kumwambia jambo moja tu: ifute ile programu, ifute sasa hivi, nitakueleza. Iliita mpaka ikakatika. Alijua sababu: randa ya umeme ilikuwa inanguruma, na Kitinda alikuwa na vizibo masikioni. Akapiga tena. Akapanda pikipiki akapiga akiwa mgongoni mwa dereva, mkono mmoja umeshika nguo ya mtu asiyemjua. Kwenye taa za barabarani akapiga. Kwenye foleni ya malori akapiga. Jumla mara tisa, kisha mtandao ukakata. Kila alipopiga aliiona akilini ile simu juu ya benchi, kati ya misumari na gundi, ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, na kila ilipowaka alizidi kumwomba Mungu mdogo wake aione.

Aliiona. Mama Maneno alifika saa kumi na moja na dakika tano, akamlipa dereva bila kungoja chenji, akafurahi kwa sababu dakika tano zilikuwa bado zipo. Mashine ilikuwa imezimwa. Kitinda alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kabati la maharusi, miguu kwenye maranda. Chupa ilikuwa kati ya magoti yake. Ilikuwa imepungua nusu.

"Dada," akasema kwa upole. "Umewahi."

Simu ilikuwa sakafuni karibu naye. Dada mtu aliiokota. Simu tisa hazikupokelewa, ya mwisho saa kumi na dakika thelathini na nane. Chini yake, saa kumi na dakika thelathini na tisa: "Umechoka. Njoo uketi kidogo, dunia haikimbii." Na picha ya chupa.

Akaelewa. Shangazi hakungoja saa kumi na moja na dakika kumi. Alingoja simu ishikwe, na aliyemfanya Kitinda aishike alikuwa yeye.

"Niliona umepiga mara tisa," Kitinda akasema. "Nikasema dada ana hofu na mimi, ngoja nimpigie. Kabla sijapiga, yakaingia maneno ya Mama. Hayo maneno hakuna mwingine duniani anayeyajua, ni mimi na wewe. Ni wewe uliyeandika?"

Angeweza kudanganya. Angesema mashine, na isingekuwa uongo mtupu.

"Ni mimi," akasema.

"Nikaona na chupa imewekwa chini yake. Nikajiuliza mara mbili. Kisha nikasema, basi hata dada yangu amechoka kunilinda. Ananiambia niketi." Akatazama chupa. "Sikukasirika. Niliona ni kama ruhusa."

Mama Maneno alipiga magoti kwenye maranda akamweleza: orodha, kiti, Shangazi, namba isiyo na jina. Alieleza ovyo, akirudia mambo, akilia. Kitinda alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayeelezwa sababu za mvua huku ameshalowa. Alipomaliza, akamshika bega.

"Kumbe si wewe uliyenitumia," akasema. "Nashukuru kujua." Lakini mkono mwingine haukuachia chupa, na dada alipoivuta waling'ang'aniana kama walivyong'ang'aniana utotoni, mpaka akaona ni aibu akaacha.

Kaburini hawakwenda siku ile. Aliifuta programu kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya Kitinda, naye akatikisa kichwa akikubali. Kesho yake Kitinda aliirudisha. Siku tisa zilizofuata pikipiki ilifika karakana mara sita, bure, kwa kuwa alikuwa jamaa ya mfanyakazi. Mama Maneno alikaa naye, akamfungia, akamfungulia, akaita watu wa kumwombea, akatupa chupa, akakuta nyingine ndani ya kabati la maharusi nyuma ya kioo. Siku ya kumi Kitinda alitapika damu. Daktari yule yule alikuja, akamtazama, akamtazama na dada yake. Walimzika Jumanne, karibu na mama yake.

Wa ofisini walikuja kwa wingi, wakasimama nyuma kwa heshima. Meneja aliacha bahasha. Mganga alibaki wenzake walipoondoka, akiwa na jambo kooni.

"Sema tu," Mama Maneno akamwambia.

"Nilitaka usije ukaliona mwenyewe ukirudi kazini. Kwenye orodha ameandikwa Amerudi. Na juzi Shangazi amemwongezea: mteja mwaminifu. Nimejaribu kubadilisha. Hakuna pa kuandika lingine."

Hakurudi kazini. Alituma mtu akachukue vitu vyake, na alipoulizwa vitu gani akasema kiti. Mlinzi alikataa kukitoa bila karatasi, kwa hiyo kikabaki kule ghorofani, mbele ya dawati la dirishani, na mwandishi mpya akakalisha mtu wake.

Simu ya Kitinda aliiweka na chaji, maana wenye kabati walikuwa wanapiga kuuliza lini watachukua mzigo wao. Walipochukua, hakuizima. Ilikaa kabatini mwa jikoni, karibu na majani ya chai.

Siku ya thelathini na moja tangu chupa ya mwisho iletwe, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, alikuwa anaosha vyombo simu ikawaka. Alijua kabla ya kufuta mikono. Siku thelathini za kimya zilikuwa zimetimia na mdogo wake ameingizwa tena kwenye Waliolala. "Umechoka. Njoo uketi kidogo, dunia haikimbii." Safari hii Shangazi alikuwa na shaka, akaweka picha mbili: chupa, na dawa za ini.

Alikausha mikono, akavuta kigoda, akaketi. Akatafuta pale mteja anapojitoa mwenyewe; walikuwa wamepaficha vizuri, lakini yeye alipajua. Simu ikamuuliza kwa nini anaondoka. Zilikuwapo sababu nne: bei, kuchelewa kwa mzigo, nimepata duka jingine, sababu nyingine. Akabonyeza ya mwisho. Kikafunguka kisanduku cha kuandikia, na chini yake, kwa maandishi madogo: usizidi herufi tisini.

Alikaa mbele ya kisanduku kile mpaka maji ya vyombo yakapoa. Aliandika, akafuta. Aliandika matusi, akafuta, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuyasoma. Mwishowe akaandika: "Aliambiwa aje aketi kidogo. Akaja, akaketi. Tulimzika Jumanne." Zilibaki herufi ishirini na nane, na hakuwa na la kuongeza. Akatuma.

Jibu lilikuja papo hapo.

"Nenda salama. Mlango uko wazi, ukirudi utatukuta."